Hazel Dickens: Nani Anasema, na Anamwambia Nani?

Muhula uliopita, katika semina ya ushairi ya mwaka wa tatu, niliwasikilizisha wanafunzi wimbo wa mwanamke mmoja wa Marekani, nikawagawia karatasi yenye maelezo ya wimbo huo kwa Kiswahili. Wimbo ulipokwisha, mwanafunzi aliyeketi nyuma aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, huu ni ushairi au ni malalamiko tu?" Darasa likacheka. Nilimjibu harakaharaka, maana kipindi kilikuwa kimekwisha na wenzetu wa Isimu walikuwa mlangoni wakisubiri chumba. Jibu lenyewe halikuniridhisha hata mimi. Makala haya ni jaribio la kumjibu sawasawa.

Mwanamke huyo ni Hazel Dickens, mtunzi na mwimbaji wa muziki wa kantri na blugrasi. Kantri wasomaji wetu wanaijua, hata wale wasiolijua jina hilo: ni muziki wa akina Jim Reeves, Kenny Rogers na Dolly Parton, ambao hapa Uganda umesikika redioni kwa miaka mingi, hasa siku za Jumapili. Blugrasi ni ndugu yake wa damu, ila hajavaa viatu. Haitumii ala za umeme. Kuna fidla, mandolini, gitaa, besi kubwa ya kusimama, na banjo, ala ambayo asili yake ni Afrika, ikavushwa bahari pamoja na watumwa. Bill Monroe na bendi yake waliipa blugrasi sura yake katika miaka ya 1940. Sauti huimbwa juu sana, kwa kukaza koo, na msikilizaji aliyezoea ulaini wa Jim Reeves anaweza kudhani mwimbaji anaumwa.

Hazel alizaliwa mwaka 1925 huko Montcalm, katika jimbo la West Virginia. (Maandishi mengi yalimpunguzia miaka kumi, yakaandika 1935, na kosa hilo lingali linanakiliwa.) Alikuwa mtoto wa nane kati ya kumi na mmoja. Baba yake alikuwa mhubiri katika kanisa la Kibaptisti la aina ya kale, ambamo waumini huimba bila ala yoyote. Riziki aliitafuta kwa kusafirisha magogo ya kuegemezea paa za migodi ya makaa ya mawe. Kaka zake na mashemeji zake walishuka migodini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kazi zilipopungua, familia ilianza kuhamia mji wa Baltimore, na Hazel akafanya kazi viwandani na madukani. Huko mjini watu wa milimani walichekwa kwa namna walivyovaa na zaidi kwa namna walivyosema. Naomba msomaji aikumbuke nukta hiyo, maana nitairudia.

Kuingia kwake katika muziki kulitokana na maradhi. Kaka yake mmoja alilazwa katika hospitali ya kifua kikuu karibu na Baltimore, na pale alifanya kazi kijana aliyeitwa Mike Seeger, mpenzi na mkusanyaji wa muziki wa kale. Kwa kupitia kwake Hazel akawafahamu wapiga muziki wa mji ule, na katikati ya miaka hiyo ya 1950 akakutana na Alice Gerrard, mwanamke aliyekulia pwani ya magharibi na kupitia chuo kikuu. Wawili hao hawakufanana kwa lolote ila kwa kupenda nyimbo zilezile. Mwaka 1965 walitoa santuri yao ya kwanza, "Who's That Knocking?". Zama zile mwanamke katika bendi ya blugrasi aghalabu alisimama nyuma akipiga besi, tena mara nyingi ni kwa kuwa mumewe ndiye mkuu wa bendi. Hapa wanawake wawili walisimama mbele, wakachagua nyimbo, wakaongoza. Zilifuata santuri nyingine hadi mwaka 1976, kisha wakaachana kikazi.

Wahakiki wengi wa muziki husikitika juu ya kuachana huko. Mimi sisikitiki sana. Ni kweli kwamba sauti zile mbili zilifungamana kwa namna ambayo haikupatikana tena. Lakini mtu akitaka kumsoma Hazel kama mtunzi, na hapa idarani kusoma ndiyo kazi yetu, itambidi aangalie zaidi tungo zake mwenyewe. Mwaka 2008 zilichapishwa tungo arobaini katika kitabu alichokitoa pamoja na mwanahistoria Bill C. Malone. Malone anasimulia maisha, na Hazel anaeleza kila wimbo ulivyozaliwa. Ni maelezo mafupi, ya mtu asiyependa kujisifu, na mwalimu wa utunzi anaweza kuyatumia mwaka mzima.

Wimbo niliowasikilizisha wanafunzi ni "Black Lung", yaani pafu jeusi. Ndilo jina ambalo wachimbaji wa makaa ya mawe huupa ugonjwa unaosababishwa na vumbi. Vumbi huingia mapafuni kidogo kidogo kwa miaka, mapafu hukakamaa, na mgonjwa hufa kwa kukosa pumzi. Si ugonjwa wa historia: utafiti uliotangazwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika eneo la kati la milima ya Appalachia, mchimbaji mmoja kati ya watano wa wale waliofanya kazi kwa miaka 25 au zaidi alikuwa nao. Kaka yake Hazel, Thurman, alikufa kwa ugonjwa huo akiwa fukara. Wimbo umetokana na kifo hicho.

Sasa tuutazame kama walimu wa lugha. Beti zinaanza kwa nafsi ya tatu. Tunaambiwa habari za mtu fulani, bahati yake mbaya, mgodi alioupenda ingawa mgodi haukuwa rafiki yake, bosi aliyemfungia mlango alipokwenda kuomba msaada. Kiitikio kinapofika, nafsi inabadilika ghafla. Anayesema sasa ni mgonjwa mwenyewe. Anayeambiwa si daktari, si mke, wala si Mungu, ingawa Mungu anatajwa kwa mshangao. Anayeambiwa ni ugonjwa. Mgonjwa anaongea na pafu jeusi uso kwa uso, kama mtu anayeongea na mgeni aliyekuja kukaa nyumbani na hataki kuondoka. Vitabu vyetu vya shule vitasema hapa pana tashihisi, mwanafunzi ataandika "tashihisi", atapata alama moja, na wimbo utakuwa umempita. La kuuliza ni kwa nini mgonjwa azungumze na ugonjwa. Jibu limo katika beti zenyewe: watu wote wamekwisha kumwacha. Aliyebaki naye chumbani ni ugonjwa peke yake. Hana mwingine wa kuongea naye.

Katika kuwaandalia wanafunzi maelezo nilifurahishwa na jambo moja ambalo ni zawadi ya Kiswahili. Kwa Kiingereza mabadiliko ya nafsi yanaweza kupita bila kusikika. Kwa Kiswahili yanakaa mwanzoni mwa kila kitenzi. Nilipoandika maelezo ya beti, ukurasa ulijaa a-: alikwenda, alifungiwa, alikonda. Nilipofika kwenye kiitikio zikaja ni- na u-: ninakungoja, unaninyemelea. Mwanafunzi aliyekuwa hajashika mengi katika ule Kiingereza cha milimani aliona kwa macho pale ambapo mtu mwingine ameanza kusema.

Halafu kuna ubeti wa mwisho. Tupo makaburini. Bosi amekuja na maua. Sauti inamwamuru ayachukue arudi nayo. Ni nani anayemwamuru? Marehemu hawezi, ingawa katika kiitikio tumekwisha kumsikia akisema. Msimulizi wa beti alikuwa mpole hadi hapa. Maoni yangu ni kwamba huyu ni dada wa marehemu, naye ndiye aliyekuwa akisimulia muda wote. Alijizuia tangu mwanzo kwa kujificha nyuma ya nafsi ya tatu, na maua yale yakamshinda. Mwenzangu mmoja idarani hakubaliani nami. Anasema ni waombolezaji wote kwa pamoja. Tumebishana juu ya jambo hili kantini zaidi ya mara moja, na hakuna neno katika wimbo linaloweza kutuamulia.

Kwa hiyo, kumjibu mwanafunzi wangu: malalamiko yana sauti moja, na anayelalamikiwa ni yeyote aliye karibu. Hapa kuna sauti tatu, kila moja ina wake inayemwambia, na uchungu wa wimbo unatokana na kuhama kutoka sauti moja hadi nyingine. Hazel huuimba bila ala yoyote, kama katika kanisa la baba yake, hivyo hakuna gitaa la kuziba nafasi kati ya ubeti na ubeti. Ukimya ule ndio unaotuonyesha kwamba msemaji amebadilika.

Wimbo huu na nyingine za aina yake zilimfikisha Hazel mahali ambapo wanamuziki wachache wa kantri walitaka kwenda. Tarehe 20 Novemba 1968 mgodi ulilipuka karibu na Farmington, West Virginia, wakafa wachimbaji 78. Hazel alitunga wimbo juu ya maafa hayo. Mwezi Februari 1969 makumi ya maelfu ya wachimbaji wa jimbo lile waligoma kwa ajili ya pafu jeusi, na mwisho wa mwaka huo Bunge la Marekani likapitisha sheria ya usalama wa migodi. Mwaka 1976 Barbara Kopple alitoa filamu ya "Harlan County, USA", juu ya mgomo wa wachimbaji wa Kentucky, na nyimbo za Hazel zimo ndani yake. Filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar. Mwaka 1987 John Sayles alimwita katika filamu ya "Matewan", inayohusu mgomo wa 1920, na humo anaonekana akiimba.

Kuanzia hapo akapewa jina la "sauti ya wachimbaji", na nadhani jina hilo limemdhulumu. Anayeitwa sauti ya watu fulani hasomwi tena, bali hukubaliwa tu. Tunalijua jambo hili kwa waandishi wetu. Mara ngapi tumemfundisha mshairi kwa kuorodhesha dhamira zake (ukombozi, haki, usawa) bila kusimama hata dakika moja kwenye mstari mmoja?

Tena si kila wimbo wake ni mzuri, na anayempenda aseme hivyo. "They'll Never Keep Us Down", uliomo katika filamu ya Kopple, ni wimbo wa kuandamana. Msemaji ni "sisi", anayeambiwa ni wao, na tangu mstari wa kwanza tunajua utakapoishia. Maneno yake yangeweza kuandikwa kwenye bango, na bila shaka yaliandikwa. Kwa mtu aliyesimama alfajiri mbele ya lango la mgodi, akiwa amezungukwa na wenye bunduki, wimbo wa namna hiyo ni wa lazima na sina haki ya kumkosoa nikiwa nimekaa ofisini. Lakini ukiuweka kando ya "Black Lung" katika darasa la ushairi unaona tofauti. Mmoja unamtumia msikilizaji. Mwingine unamwacha peke yake na mgonjwa.

Kazi zake nyingine kubwa hazihusu mgodi hata kidogo. "Don't Put Her Down, You Helped Put Her There" ni wimbo wa baa. Mwanamke wa baa anachekwa na wanaume wanaomnunulia pombe, na msemaji anamgeukia mwanamume na kumwambia asimdharau mtu ambaye yeye mwenyewe alimsaidia kushuka hadi hapo. Hebu tutazame alivyochagua msemewa. Angeweza kumhurumia yule mwanamke, na tungepata wimbo mwingine wa huruma, ambao kantri inazo kwa mamia. Angeweza kumwambia mwanamke abadilike. Hamwambii mwanamke neno. Wanafunzi waliokwisha kusoma habari za Siti binti Saad wataukumbuka wimbo wa "Kijiti", ambamo mwanamke anauawa na lawama zinawaangukia wasiostahili huku mhalifu akitoroka. Siti alielekeza wimbo mahakamani na mitaani, akamtaja mtu kwa jina. Wanawake hawa wawili hawakusikiana kamwe, na sidai kuna uhusiano wa kihistoria. Ila mtu akitaka mada ya tasnifu, hiyo hapo.

"Mama's Hand" ni wimbo wa kuaga nyumbani: binti anaondoka kijijini na wimbo wote unaelekea kwenye kitendo kimoja kidogo, kuuachia mkono wa mama. Mwimbaji Lynn Morris aliurekodi, na mwaka 1996 ukapata tuzo ya wimbo bora wa mwaka ya chama cha kimataifa cha blugrasi. Hazel mwenyewe alipewa mwaka 2001 tuzo ya juu ambayo serikali ya Marekani huwapa wasanii wa jadi. Alifariki tarehe 22 Aprili 2011 mjini Washington. Mwaka 2017 yeye na Alice waliingizwa pamoja katika jumba la heshima la blugrasi. Heshima hizo ni haki yake. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake, hata hivyo, muziki haukutosha kumlisha. Aliendelea na kazi za mshahara, na santuri alizotoa peke yake ni chache: tatu tu katika miaka yote ya 1980.

Nilisema nitairudia habari ya lugha. Katika tungo za Hazel sarufi ni ya nyumbani kwao. Kiima cha wingi kinachukua kitenzi cha umoja, ukanushi unarudiwa mara mbili, na vitenzi vina viambajengo ambavyo mwalimu wa Kiingereza angevipiga msitari mwekundu. Alipoimba, lafudhi ilikuwa ileile iliyochekwa Baltimore. Alikaa mjini zaidi ya nusu karne, akapiga muziki mbele ya wasomi, akaishi na marafiki waliotoka vyuo vikuu, na alijua vizuri wanavyosema. Hakuibadilisha. Wapo wanaosema hakuweza. Kitabu cha 2008 kinawakanusha, kwa kuwa katika maelezo yake ya nyimbo anaonekana mtu anayepima kila neno na anayejua anachofanya. Mchimbaji wa "Black Lung" angesema Kiingereza sanifu, tusingemwamini. Angekuwa ni Hazel anayemsemea, na wimbo ungebaki na sauti moja.

Niliyaandika hayo katika maandalizi ya semina, nikayasoma tena, kisha nikaenda kabatini kutafuta karatasi fulani. Miaka kadhaa iliyopita tuliwapa wanafunzi zoezi la kutunga shairi huru. Mmoja alitunga juu ya babu yake, mzee aliyefanya kazi mgodini ujanani. Katika beti mbili za kwanza anayesema ni mjukuu, kwa Kiswahili fasaha tulichomfundisha. Katika ubeti wa tatu anasema babu, kwa Kiswahili chake cha kambi, kile cha watu wa makabila mbalimbali waliokutanishwa na kazi. Mstari mmoja unasema hivi: "Kifua yangu nabaki kule chini." Kwa kalamu nyekundu nilizungushia duara neno "yangu", nikaandika pembeni "changu". Nikazungushia na "nabaki", nikaandika "kilibaki". Chini nikaandika kwamba mwanafunzi ana mawazo mazuri lakini azingatie upatanisho wa kisarufi. Nilimpa alama tisa kati ya ishirini.

Masahihisho yangu ni sahihi kisarufi. Nimejaribu kuusoma mstari ule kama nilivyousahihisha, "Kifua changu kilibaki kule chini", na mzee hayumo tena ndani yake. Amebaki mjukuu anayesimulia. Shairi zima lilijengwa juu ya mpito ule kutoka kwa mjukuu hadi kwa babu. Hakuna alama za mtajo wala maelezo, ni ile sarufi peke yake inayotuambia kwamba mtu mwingine ameanza kusema. Mimi niliuona mpito, nikauhesabu kuwa kosa, mara mbili katika mstari mmoja.

Nimeipeleka karatasi hiyo katika kikao cha idara pamoja na kanda ya "Black Lung", nikapendekeza kwamba mwongozo wetu wa kusahihisha tungo utofautishe kosa la mwandishi na usemi wa mhusika. Wenzangu wawili waliuliza, na ni swali la haki, tutajuaje lipi ni lipi mwanafunzi anapokuwa hajui tofauti. Nilijibu kwamba tuanze kwa kuuliza nani anasema. Hoja imeahirishwa hadi kikao kijacho. Alama za mwanafunzi yule zilikwisha kupitishwa zamani na hazibadiliki. Naye alikwisha kuhitimu, na nasikia anafundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari.